Karatasi Zilizobaki Zimekunjwa: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu, Waziri wa Katiba na Sheria, na Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi

Waheshimiwa, shikamooni.

Nawaandikia kutoka Mbagala, Dar es Salaam. Nina miaka 22, nasomea ualimu wa Biolojia na Kemia, na niko mwaka wa pili. Nimewaandikia ninyi watatu barua moja kwa sababu kwangu jambo hili ni moja, hata kama serikalini limegawanywa katika ofisi tatu. Chumba nilichosomea kidato cha kwanza ndicho kilichogeuzwa kituo cha kupigia kura siku nilipopiga kura yangu ya kwanza. Madawati yalikuwa yamesukumwa ukutani, ubaoni kulikuwa na somo lililofutwa nusu, na pale anapokaa mwalimu alikaa msimamizi wa kituo na daftari lake. Nikiwa kwenye foleni niliwaza: humu ndani nilifundishwa miaka minne kunyamaza, na leo humu humu naombwa niseme ninachokitaka.

Nianze na kisa kilichonifikisha hapa.

Mwaka 2020 nilikuwa kidato cha tatu. Shule yetu, ambayo sitaitaja kwa sababu walimu wake wengi walinitendea mema, ilikuwa inachagua dada mkuu. Wagombea walikuwa watatu. Mmoja wao alikuwa rafiki yangu, msichana mrefu, mkimya darasani, lakini akisimama mbele ya wenzake maneno yanamjia yenyewe. Alipojinadi chini ya mwarobaini alisema akichaguliwa atamwomba mkuu wa shule atueleze fedha za mitihani ya Jumamosi zinatumikaje. Tulichana karatasi katikati ya madaftari, tukaandika jina, tukakunja mara mbili, tukatumbukiza kwenye boksi la chaki. Boksi likapelekwa ofisi ya walimu. Baada ya mapumziko ikapigwa kengele ya paredi, tukatangaziwa jina. Halikuwa lake. Hatukutajiwa kura ngapi kapata nani.

Wiki ile zamu ya kuchoma taka ilikuwa ya darasa letu. Jioni nilibeba ndoo ya taka za ofisini hadi shimoni, nikaimwaga, na karatasi zetu zikamwagika nazo. Nilizitambua kwa mistari ya daftari na kwa wino wa bluu uliopenya upande wa pili. Zilikuwa bado zimekunjwa mara mbili. Sikuziona zote, pengine zipo zilizofunguliwa. Lakini zile nilizoziokota kwa mkono wangu, hakuna aliyekuwa amezikunjua. Yangu ilikuwemo. Nikazitia kiberiti, kwa sababu ndiyo kazi niliyotumwa.

Sikumwambia rafiki yangu mpaka tulipomaliza kidato cha nne. Nilipomwambia hakulia wala hakushangaa. Aliniuliza tu, “Kwani wewe ulidhani wanahesabu?” Mimi nilikuwa nimedhani wanahesabu. Na mpaka leo ninachoumia zaidi si kwamba alinyimwa cheo, ni kwamba yeye, akiwa na miaka kumi na sita, alikuwa ameshajua hawahesabu, na bado alisimama chini ya mwarobaini akaomba kura.

Siwashitaki walimu wale. Naamini waliona wanalinda nidhamu ya shule, na wao wenyewe walilelewa hivyo hivyo. Ila siku ile shule nzima ilipata somo ambalo kitabu cha Uraia hakiwezi kulifuta. Kwenye Uraia tulikuwa na mada kuhusu sifa za uchaguzi huru na wa haki. Tulizikariri kwa Kiingereza, tukazijibu kwenye mtihani, tukapata alama nzuri.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma wenzetu wanafanyaje. Norway, kabla ya uchaguzi wa taifa, shule za sekondari ya juu hufanya uchaguzi wao. Vijana wa vyama huja kujibizana mbele ya wanafunzi, wanafunzi wanapiga kura, na matokeo ya shule zote yanatangazwa nchi nzima. Hayabadilishi hata kiti kimoja bungeni, lakini vyama vinayasubiri, magazeti yanayaandika. Ujerumani nao wana kitu cha namna hiyo: wanafunzi wenyewe wanaandaa daftari la wapiga kura, wenyewe wanasimamia kituo, wenyewe wanahesabu, na matokeo yao yanawekwa siri mpaka vituo vya watu wazima vifungwe saa kumi na mbili jioni, yasije yakawayumbisha wazazi. Hebu fikirieni: kura ya mtoto wa miaka kumi na tano inafichwa kwa sababu inaaminika ina uzito.

Sisi vyama vya siasa haviruhusiwi shuleni, na sidhani kama ningependa waje na fulana na kofia zao. Wala siombi umri wa kupiga kura ushushwe kama walivyofanya Austria mwaka 2007, au kama Brazil ambako mwenye miaka 16 anaruhusiwa kupiga kura akipenda. Kumpa mtoto wa miaka kumi na sita kura ya taifa wakati kura yake ya kiranja inaishia shimoni ni kumzidishia mzigo tu. Ninachoomba ni kidogo kuliko hicho. Kura za viranja, kaka mkuu na dada mkuu zihesabiwe mbele ya wanafunzi, paredini, karatasi ikikunjuliwa na kuinuliwa juu ionekane, na hesabu iandikwe ubaoni. Waziri wa Elimu, waraka wa ukurasa mmoja kutoka kwako unatosha. Hautagharimu hata chaki ya ziada.

Lakini kuhesabu kura peke yake hakumfundishi mtoto kusema, na hapo ndipo lilipo donda lenyewe.

Mwaka jana nilikwenda mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kata hapa mjini. Nilipewa kidato cha kwanza, Biolojia. Siku ya nne nilikuwa nafundisha jinsi mimea inavyojitengenezea chakula. Nikauliza swali kwa Kiingereza, kama nilivyofundishwa chuoni na kama mkaguzi anavyotaka: jani linahitaji nini ili litengeneze chakula? Darasa kimya. Nikarudia polepole. Kimya. Watoto wanaangalia madawati, na wengine wanaandika swali langu kwenye daftari kana kwamba ni noti. Dawati la tatu dirishani kuna mvulana alikuwa anachezesha midomo. Nikamwita. Akasimama, akasema neno moja la Kiingereza, akakwama, wenzake wakacheka. Nikaona macho yake yanaanza kujaa. Nikamwambia, “Sema kwa Kiswahili.”

Akaangalia mlangoni kwanza, kama kuna mwalimu mwingine. Kisha akasema, “Mwalimu, ile ni usanisinuru. Jani linahitaji mwanga wa jua, maji yanatoka kwenye mizizi, na kabonidaioksaidi inaingia kwenye vitundu vya chini ya jani. Halafu inatoka oksijeni. Nyumbani tulifunika jani la mchongoma kwa karatasi, likawa njano.”

Jibu zima hilo, na jaribio alilofanya nyumbani juu yake. Alikuwa amelijua tangu shule ya msingi, ambako Sayansi alifundishwa kwa Kiswahili. Miezi michache baadaye mtoto yule yule anaonekana mjinga, na yeye mwenyewe ameshaanza kuamini. Na mimi, mwalimu wake, nilikuwa nimevunja utaratibu ili nimsikie.

Kipindi kilichofuata kilikuwa Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo ni somo linalofundishwa kwa Kiswahili. Niliomba nikae nyuma. Waheshimiwa, sikuamini kama ni darasa lile lile. Mikono juu, wanabishana, wanamuuliza mwalimu swali mpaka anasema atawajibu kesho. Mvulana wa dirishani aliongea mara tatu.

Jambo hili halijaanza kujulikana leo. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba kidato cha kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili mwaka 1985, na vyuo vikuu vifuate mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mama yangu alikuwa hajazaliwa. Serikali ya wakati ule haikulikubali pendekezo lile. Watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hawakukaa kusubiri: mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Maneno yapo. Anayesema Kiswahili hakina maneno ya sayansi anasema habari ya miaka zaidi ya thelathini nyuma. Na mtaala mpya ulioanza kutumika 2024, pamoja na mazuri yake mengi, elimu ya lazima ya miaka kumi ikiwemo, umekiacha Kiingereza pale pale kilipokuwa, lango la sekondari.

Najua hoja inayokuja, kwa sababu naisikia nyumbani. Mama yangu anauza vitenge, hakumaliza darasa la saba, na ndoto yake kubwa ilikuwa anipeleke shule ya Kiingereza tupu. Ananiambia, “Wewe unataka kuwafungia wenzako mlango ambao wa wakubwa wanapitia.” Mama hajakosea. Watoto wa wenye uwezo wanaanza Kiingereza na chekechea, na dunia inawafungulia. Lakini kuna watu wanaojua Kiingereza kuliko sisi na hawakukitumia kujifunzia Biolojia. Mholanzi, Mnorway, Mfini, wote wanasoma hesabu na sayansi kwa lugha zao, na Kiingereza wanafundishwa kama somo, na mwalimu anayekijua. Ukikutana nao wanakiongea bila kutetemeka. Sisi tunafundisha masomo karibu yote kwa Kiingereza, halafu kijana anamaliza kidato cha nne hawezi kuandika barua ya kuomba kazi kwa lugha hiyo. Kiingereza hatujakipata, na sayansi imetuponyoka tukikitafuta.

Estonia ina watu kama milioni 1.3. Kiestonia hakizungumzwi na jirani yeyote mkubwa. Wanakitumia tangu chekechea hadi shahada ya uzamivu, na kwenye mtihani wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2022 walikuwa wa kwanza Ulaya kwa hisabati na kwa sayansi. Kiswahili, kwa hesabu ya UNESCO, kina wazungumzaji zaidi ya milioni 200. Wao milioni moja na ushee hawakuona aibu kuitengenezea lugha yao vitabu vya fizikia.

Nataja na Ufini, ingawa najua imetajwa mpaka watu wamechoka. Kinachonigusa kwa Wafini si alama zao. Ni mahali walipoanzia. Walipobadilisha shule zao miaka ya 1970, hawakuanza na mji mkuu, Helsinki. Walianza 1972 kaskazini kabisa, Lapland, kwenye baridi, umaskini na umbali, kisha wakashuka kusini mwaka hadi mwaka. Sisi jambo jipya huanza Dar es Salaam na miji mikubwa, na likifika Kilwa au Kakonko limebaki jina. Na kabla ya hapo, tangu 1948, Ufini ilikuwa inampa kila mtoto wa shule mlo wa bure mchana, wakati nchi imetoka vitani na ina madeni. Wataniambia Ufini ni ndogo. Ni kweli, ina watu takriban milioni 5.6. Sensa yetu ya 2022 iliwahesabu wakazi wa Dar es Salaam peke yake 5,383,728. Kwa hiyo ni kama mkoa wangu mmoja huu. Jambo linalowezekana kwa watu wa idadi hiyo kule, lijaribiwe kwa watu wa idadi hiyo hapa.

Kuhusu chakula niseme kidogo tu, maana kila mzazi wa shule ya kutwa anajua. Nairobi tangu 2023 wana jikoni kubwa za kaunti zinazopeleka chakula cha moto shuleni. Mtoto analipa shilingi tano za Kenya kwa kugusisha bangili ya mkononi. Aende mtu akaone. Kutoka hapa ni safari ya basi moja.

Sasa nije kwa Mwenyekiti wa Tume na Waziri wa Katiba na Sheria.

Nilipiga kura asubuhi ya 29 Oktoba 2025. Kabla jua halijazama mji ulikuwa umebadilika. Intaneti ilizimwa, na Dar es Salaam ikawekewa marufuku ya kutoka kuanzia saa kumi na mbili jioni. Kuna watu waliopoteza maisha, na kuna nyumba ambazo mpaka leo sahani moja haijapakuliwa. Sio mimi wa kulisemea jambo hilo. Wafiwa wapo, na wao ndio wa kusikilizwa kwanza. Mimi nasema lile dogo lililo mikononi mwangu, yaani kura yangu.

Vituo hufungwa saa kumi jioni, kura huhesabiwa pale pale kituoni, na fomu ya matokeo hubandikwa nje. Huo ni utaratibu mzuri, na nchi nyingi zingeutamani. Lakini jioni ile nani angetoka kwenda kusoma karatasi ukutani? Na hata siku ya amani, karatasi iliyobandikwa kwenye ukuta wa shule Mbagala anaisoma wa Mbagala, kesho yake mvua inainyeshea. Sisemi kura yangu haikuhesabiwa. Nasema sina mahali pa kuangalia. Nilijikuta nimerudi kidato cha tatu, nimesimama shimoni, sijui kama ilikunjuliwa.

Agosti 2022 Wakenya walipiga kura. Mjomba wangu ana duka la vipuri Tandika, na jioni tulikuwa tunakaa dukani kwake na simu moja, tunafungua fomu zao. Fomu 34A, inaitwa. Kila kituo, na vilikuwa 46,229, fomu yake ilipigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti ya tume yao, mtu yeyote duniani afungue. Tulifungua ya kituo kimoja cha Kwale, chenyewe ni shule ya msingi. Mwandiko wa kalamu, majina ya wagombea wanne, kura walizopata kwa tarakimu na kwa maneno, sahihi za mawakala, muhuri umepinda kidogo. Msimamizi alikuwa ameandika saba yake kwa mkato katikati, kama anavyoandika bibi yangu. Mjomba, ambaye siasa za hapa hataki kuzisikia, alichukua kikokotoo cha dukani akaanza kujumlisha fomu za nchi isiyo yake. Tulijumlisha mpaka mteja aliyetaka beringi akaondoka.

Na mnakumbuka kilichofuata. Makamishna wanne kati ya saba walijitenga na matokeo siku yanatangazwa. Nchi ingeweza kuwaka kwa hilo peke yake. Lakini fomu zilikuwa mezani kwa kila mtu. Vyombo vya habari vilijumlisha, wanafunzi walijumlisha, wabishi walijumlisha. Walioshindwa walikwenda mahakamani, kwa sababu Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mwenye malalamiko siku saba za kufungua shauri na Mahakama ya Juu siku kumi na nne za kuamua. Tarehe 5 Septemba mahakama ikathibitisha matokeo. Miaka mitano kabla, tarehe 1 Septemba 2017, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imefuta uchaguzi wa urais na kuamuru urudiwe. Mahakama inayoweza kusema hapana ndiyo ambayo ikisema ndiyo watu wanakwenda kulala.

Malawi, majirani zetu wa upande wa pili wa ziwa, Februari 2020 majaji watano waliufuta uchaguzi uliokuwa na fomu zilizopakwa dawa nyeupe ya kufutia maandishi. Majaji walifika mahakamani siku ya hukumu wamevaa fulana za kuzuia risasi. Juni mwaka huo uchaguzi ukarudiwa na aliyekuwa madarakani akashindwa. Nchi haikuanguka.

Kwetu, Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema mgombea urais akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa, hakuna mahakama yoyote itakayochunguza uchaguzi wake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, siyo Ulaya, iliamua Julai 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika ambao tumeusaini wenyewe. Waziri wa Katiba na Sheria, hapa sina la kuongeza. Hukumu ipo, imeandikwa, na imetolewa kwenye ardhi yetu. Naomba muswada upelekwe bungeni.

Watu wanapozungumzia uchaguzi wa nje, huwa mawazo yanakimbilia mashine. Estonia wanapiga kura kwa intaneti tangu 2005. Brazil wana mashine tangu 1996. Mimi sizitamani, angalau kwa sasa, kwa sababu mashine bila imani ni boksi la chaki lenye waya. Ninayoitamani ni Gambia. Tangu miaka ya 1960 wamekuwa wakipigia kura gololi. Unapewa gololi moja, unaingia nyuma ya pazia, unakuta mapipa yenye rangi na picha za wagombea, unaitumbukiza kwenye bomba la yule umtakaye, na ndani kuna kengele inalia mara moja. Walioko nje wote wanaisikia. Ikilia mara mbili, umeiba, na kila mtu amejua. Kuhesabu, gololi zinapangwa kwenye mbao zenye vishimo, idadi inaonekana kwa macho hata kwa asiyejua kusoma. Kwa gololi hizo, Desemba 2016 waliweza kumshinda mtu aliyekuwa madarakani tangu 1994. Alikataa kuondoka, majirani wakambana, mwezi uliofuata akaondoka. Sisemi tuchukue gololi. Nasema wale watu walijiuliza swali sahihi: mwananchi wa mwisho kabisa, asiyejua kusoma, atajuaje kwamba kura imeingia na imehesabiwa? Wakatafuta kengele.

Kwetu kengele hiyo inaweza kuwa picha ya fomu. Mwenyekiti wa Tume, wasimamizi wana simu. Fomu ya kila kituo ipigwe picha kabla haijatoka chumbani, iwekwe kwenye tovuti ya Tume, ikae huko, isiondolewe. Mtu wa Mbagala aone ya Mbagala, na akitaka aone ya Kasulu na ya Micheweni. Na siku hiyo mtandao usizimwe, maana fomu iliyowekwa kwenye tovuti isiyofunguka ni ile ile ya ukutani, imenyeshewa mvua. Uchaguzi mkuu ujao ni 2030. Muda upo wa kufanya hivyo na wa kukosea kwenye chaguzi ndogo kabla yake.

Wale watoto wa kidato cha kwanza niliowafundisha watakuwa wametimiza miaka kumi na minane mwaka huo, au karibu. Mvulana wa dirishani atasimama kwenye foleni ya darasa fulani, pengine lile lile. Naomba ifikapo siku hiyo awe amezoea kwamba akisema anasikiwa na akiandika inasomwa.

Julai narudi kwenye mazoezi ya kufundisha. Mkuu wa shule ile, ambaye ni mtu mwema na ana watoto wengi kuliko madawati, amenikubalia tuchague viranja wa kidato cha kwanza na cha pili kwa kura, na zihesabiwe paredini. Nitasimama mimi kukunjua karatasi, na mtoto mmoja ataandika vijiti ubaoni, vinne na cha tano cha kukata. Wagombea watajieleza kwa Kiswahili. Chaki ninayo, karatasi watachana kwenye madaftari. Ninachokosa ni sanduku. Mwenyekiti, Tume ina masanduku ya plastiki yanayoonekana ndani, na najua mwaka usio wa uchaguzi yanakaa ghala. Naomba kuazima moja kwa siku mbili. Nitalifuata mwenyewe kwa daladala, na nitalirudisha likiwa safi.

Wenu mtiifu,
Mwanafunzi wa ualimu, mwaka wa pili,
Mbagala, Dar es Salaam